Zana za Kutunza Bastola za Baruti



Kamati ya maandalizi imenitaka niseme nanyi kwa nusu saa juu ya jambo ambalo halijapata kuzungumzwa katika mikutano yetu. Tumezoea kusikia habari za nasaba, makaburi ya wazee, michango ya misiba na karo za watoto. Leo nitazungumza juu ya bisibisi, tupa, spana na vijiti. Wale ambao pilau ya mchana imekwisha kuwazidi nguvu nawasamehe mapema.

Sababu mnaijua. Mwaka jana alifariki mkwe mwenzangu, Mmarekani wa Virginia, babu wa mjukuu wangu kwa upande wa mama. Wengi wenu mlimfahamu, maana hakukosa hata arusi moja ya kwetu, na biriani alikuwa akila kwa mkono kama sisi. Katika wasia wake alimwachia mjukuu wetu bastola mbili za baruti pamoja na sanduku la zana zake. Habari zilipoenea nilipokea barua na simu kutoka London, Muscat na Toronto. Wapo walioshauri ziuzwe, wapo waliotaka zipelekwe polisi zikayeyushwe, na yupo shangazi yetu mmoja aliyeniuliza kama tumekuja ugenini kufundisha watoto vita. Kijana ana miaka 17. Uamuzi ni wa wazazi wake, nao wameomba kusikia rai ya ukoo kesho asubuhi. Kwa hiyo ni haki, kabla ya kutoa rai, tujue vitu hivi ni nini na kuvitunza ni kazi gani.

Bastola hizi si za kisasa, wala hazitumii risasi zenye maganda. Silinda ina chemba sita, na kila chemba hujazwa kwa mkono kutoka mbele: kwanza baruti, kisha tufe la risasi linaloshindiliwa kwa wenzo ulio chini ya kasiba. Nyuma ya kila chemba pana kifa, yaani kile kichuchu cha chuma chenye tundu jembamba, ambacho huvikwa fataki. Kinyundo kikigonga fataki, moto hupita katika tundu na kuwasha baruti. Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya silinda nchini Marekani mwaka 1836. Moja ya hizi mbili ni mfano wa Colt ya mwaka 1851, ile iitwayo Navy. Ya pili ni mfano wa Remington yenye hataza ya mwaka 1858, ambayo ilitumika sana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Nasema ni mifano, kwa kuwa zote mbili zilitengenezwa Italia, katika mji wa Gardone Val Trompia karibu na Brescia. Mafundi wa huko wameunda bunduki kwa karne nyingi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wamekuwa wakifufua bastola hizi za kale kwa ajili ya wapenda shabaha. Marehemu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanachama wa North-South Skirmish Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1950, chenye uwanja wake karibu na Winchester huko Virginia, ambako watu wazima huvaa sare za karne ya 19 na kushindana kuvunja vigae. Niliwahi kwenda kuwatazama. Moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba sikuona ni nani aliyeshinda.

Mimi mwenyewe baruti siifahamu kutoka Virginia. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mtumishi wa serikali, na sehemu ya utumishi wangu niliipitisha kusini mwa Tanzania, ambako kazi mojawapo ya ofisi ya wilaya ilikuwa kushughulikia vibali vya magobori. Wazee wa vijijini walikuja na silaha zao zimeviringishwa katika magunia, nasi tukizikagua na kuziandika. Nilijifunza upesi kwamba ukitaka kujua kama gobori litamdhuru mnyama au litamdhuru mwenyewe, usianze kwa kutazama kasiba. Tazama mfuko wake wa zana. Mzee mmoja alikuwa na sindano ya kuzibulia kifa aliyoifua kutoka njiti ya baiskeli, mdeki wa mti mgumu ulionyooka kama wali, na kitambaa chenye nta. Gobori lake lilinizidi umri, na halikuwa na doa la kutu. Mwingine alileta bunduki mpya zaidi, na zana yake ilikuwa nyundo ya misumari, basi. Kinyundo cha bunduki hiyo kilikuwa kikining'inia.

Tofauti ya wazee wale wawili ina sababu yake katika baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kadiri ya sehemu 75, 15 na 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki yabisi, sehemu ikitoka kama ule moshi mweupe na sehemu ikiganda ndani ya chuma. Mabaki hayo ni masizi na chumvichumvi, nayo hunywa unyevu hewani. Acha bastola usiku mmoja wa mvua bila kuiosha, na asubuhi utaona wekundu wa kutu unaanza. Aliyeipiga mchana huiosha jioni ileile, na akichoka huiosha vilevile. Dawa yake kubwa ni maji ya moto na sabuni, kwa kuwa chumvi huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Ukiiosha utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni kazi ya kile kiberiti. Lakini huwezi kuiosha bila kuifungua, na huwezi kuifungua vizuri bila zana. Hapo ndipo lilipo shauri langu la leo.

Zana ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kijiti cha mviringo, chembamba kiasi cha kuingia katika chemba bila kusukumwa. Hushushwa mpaka chini katika chemba iliyo tupu kwa hakika, kikatiwa alama kwa kisu pale kinapokutana na mdomo wa chemba. Tangu siku hiyo kijiti hicho ni shahidi. Ukikishusha na alama ikabaki juu ya mdomo, ndani mna kitu. Mdomo wa bastola huelekezwa mahali pasipo na mtu, kidole hukaa mbali na kifyatulio, fataki kama zipo huondolewa, silinda hutolewa, na chemba zote sita hupimwa moja baada ya moja, hata kama bastola imetoka mikononi mwa baba yako. Ukikuta chemba ina kitu, usichokoe, usitoboe, wala usiipashe moto. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu miaka mia moja huweza kuwaka kama iliyotengenezwa jana. Iache, na mtafute fundi wa bunduki aijuaye kazi hii, umweleze kwa simu kabla hujafika mlangoni kwake. Tulipofungua sanduku la marehemu, mjukuu wangu hakugusa chochote ila vijiti viwili vya babu yake, kila kimoja na alama iliyokolezwa wino. Alipima chemba zote kumi na mbili. Zilikuwa tupu. Kisha akaketi.

Katika kuitoa silinda, bastola hizi mbili zinatofautiana. Remington haihitaji zana: kinyundo huvutwa nusu, wenzo hushushwa kidogo, mhimili huvutwa mbele na silinda hutoka ubavuni. Colt kasiba yake imeshikwa na kabari inayopita upande hadi upande. Kabari hiyo husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, na watu wengi huigonga kwa nyundo ya chuma. Matokeo yake ni kabari iliyovimba kichwa kama uyoga. Marehemu alikuwa na kipande cha ufito wa shaba, urefu wa kidole, na nyundo ya mti. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, hivyo ikibidi kuumia itaumia yenyewe. Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano na msumeno.

Sasa bisibisi, na hapa naomba nikawie kidogo, kwa maana sijaona zana iliyoharibu bastola nyingi kuliko hii. Bisibisi za kawaida zimechongwa kama kabari, ncha nyembamba na juu nene. Skrubu za bastola zina mifuo myembamba yenye kuta zilizosimama wima. Ukiitia bisibisi ya kawaida katika mfuo huo, haifiki chini. Inagusa midomo miwili ya juu tu. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, inang'oa midomo ya mfuo na kuchora mstari mrefu ubavuni mwa bastola. Bastola ya kale yenye skrubu zilizotafunwa hupungua thamani mara moja, na mnunuzi yeyote huanza kutazama hapo.

Basi bisibisi ifuate skrubu. Chukua bisibisi kuukuu ya chuma kizuri, yenye ncha pana kidogo kuliko kichwa cha skrubu. Punguza upana wake mpaka ulingane na kichwa bila kuzidi, maana ikizidi itakwaruza chuma kilichozunguka. Kisha pande mbili za ncha zichongwe kwa tupa bapa na kumaliziwa kwa jiwe la kunolea lenye mafuta, mpaka ziwe sambamba na zijaze mfuo. Mwenye mashine ya kunolea aende polepole, achovye ncha katika maji kila baada ya mguso mmoja au miwili. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha kukitoka, na bisibisi hiyo itapinda kama mshumaa. Mwishoni iweke bastola katika jiliwa lililovikwa ngozi, skrubu ikitazama juu, simamisha bisibisi katika mfuo, uachie mkono. Ikisimama peke yake bila kuyumba, imefaa. Ikilala, rudi kwenye tupa.

Marehemu alikuwa nazo saba, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake kwenye mpini ili asichanganye. Zipo seti za mafundi wa bunduki zenye ncha za kubadilisha zilizochongwa tayari, na sizikatazi. Mwenye fedha anunue. Lakini hata hizo hulazimika kuguswa na tupa, kwa sababu si kila mfuo una upana uleule. Likizo iliyopita mjukuu wangu alijichongea nne. Ya kwanza aliichoma mpaka ikawa buluu, akaining'iniza ukutani juu ya meza yake ya kazi, nami sikuuliza kwa nini.

Spana ya kifa ni jambo la pili kwa uzito. Vifa hukaa ndani ya vishimo vya silinda, kila kimoja kikiwa na pande mbili bapa za kushikwa. Koleo haliingii, na likiingia litakiponda. Spana yake ni mfano wa bomba dogo lenye ufa mdomoni: bomba linakipita kifa, na ufa unazishika zile pande mbili. Ukienda kununua, tazama mambo mawili. Ukuta wa bomba uwe mwembamba kiasi cha kuingia katika kishimo bila kukwaruza, na chuma kiwe kimetiwa ugumu, kwa sababu za bei ndogo hupanuka mdomo kwa kifa cha kwanza kilichokwama. Ukiitengeneza, chukua ufito wa chuma cha pua, uutoboe katikati ya ncha kwa keekee kwa upana wa kutosha kumeza kifa, kisha ukate ufa kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, ukijaribu kila baada ya mivuto michache. Mpini wa kukingama utoshe vidole viwili. Mpini mrefu unatia kishawishi cha kutumia nguvu, na nyuzi za kifa ni ndogo, hazistahimili hasira. Kifa kilichokaidi hulowekwa katika mafuta usiku kucha. Na kabla ya kukirudisha, zipake nyuzi zake mafuta mazito, ili mwakani kisikaidi tena.

Mengine ni mepesi. Sindano ya kuzibulia tundu la kifa nimeikata kutoka uzi mwembamba wa gitaa, kwa kuwa kitu kinene au chenye meno hupanua tundu, na tundu lililopanuka hurudisha moto nyuma kwenye kinyundo. Mdeki uwe wa mti au wa shaba. Vitambaa vya kusafishia viwe vya pamba tupu, na hapa nina habari mbaya kwa akina mama: hakuna kilicho bora kuliko kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mke wangu amekwisha kuhesabu zake.

Remington inataka kitu kimoja zaidi. Kwa kuwa kasiba yake haitoki, husafishwa kutokea mdomoni, na mdeki ukisugua ukingo wa mdomo mwaka baada ya mwaka, ukingo hulika na shabaha hupotea. Marehemu alikuwa amechonga kizibo cha mti chenye tundu katikati, kinachovaa mdomo wa kasiba na kuuweka mdeki katikati muda wote. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni kizibo cha chupa.

Baada ya maji ya moto na kukausha vizuri, chuma hupakwa mafuta. Katika chemba na kasiba nafuata desturi ya marehemu: nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na shahamu, au na mafuta ya zeituni. Mafuta ya petroli yakikutana na masizi ya baruti huelekea kufanya utandu mzito kama lami. Mabamba ya mti ya mpini yaondolewe kabla ya kuosha. Na baada ya kazi yote mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Sanduku la zana lisiwe sanduku la baruti. Baruti hukaa katika kopo lake la asili, mbali na moto na mbali na fataki, na mahali pengine kabisa. Kuhusu sheria nitasema machache. Hapa Marekani sheria ya taifa ya mwaka 1968 inazitenga silaha za kale na mifano ya namna hii, isiyotumia risasi zenye maganda, na silaha za kawaida. Lakini kila jimbo lina sheria zake, na mengine ni makali. Ndugu zetu wa Uingereza wasithubutu kubeba kitu kama hiki nyumbani bila cheti cha polisi, na baruti yenyewe ina cheti chake. Atakayehama na aulize kwanza.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Shangazi aliuliza kama tunafundisha watoto vita, nami nimekaa na swali lake tangu mwezi wa nne. Kijana huyu kwa miaka sita alikuwa akishinda Jumamosi zake katika chumba cha chini cha nyumba ya babu yake, mbele ya jiliwa. Babu alipofariki, mtoto alinyamaza. Alikula, alikwenda shule, lakini hakusema na mtu. Alianza kusema tena siku aliponiletea spana ya kifa, akaniuliza kichuchu hiki kwetu kinaitwaje. Nikamwambia, kifa. Akacheka kwamba kimefanana na kufa. Akauliza mdeki, akauliza jiliwa, tupa, shura. Ameokota Kiswahili kingi mezani pale kuliko katika yale masomo yetu ya Jumapili tunayoyagharimia, na ameniomba nimsimulie upya habari za yule mzee wa njiti ya baiskeli.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba asinyang'anywe. Bastola zikae katika kasha la chuma, na ufunguo uwe kwa mama yake, ambaye ni mkali kuliko baba. Baruti isiingie nyumbani kwao kabisa mpaka atakapotimiza miaka 21. Akitaka kupiga shabaha, aende uwanjani pamoja na wale wazee wa sare waliokuwa rafiki za babu yake, na risasi na baruti zibaki kwao. Kazi ya kufungua, kuosha na kupaka mafuta aifanye mara nne kwa mwaka, zipigwe zisipigwe. Asiyekubaliana nami aseme kesho mbele ya kijana mwenyewe, si kwa simu baada ya kurudi kwake.

Bastola sikuzileta, maana hapa pana watoto wengi. Nimeleta silinda moja tupu, vijiti viwili na zile bisibisi saba, na mjukuu wangu atakuwa nazo kwenye meza ya dirishani wakati wa chai. Mwenye bisibisi kuukuu yenye mpini wa mti asiitupe; anazikusanya.